Aliyemwonyesha Roosevelt Njia Ana Jina

Barua ya wazi kwa uongozi wa American Museum of Natural History, Central Park West, New York, Marekani

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Machakos, na nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Msafara wa Theodore Roosevelt ninaotaka kuuzungumzia uliendeshwa kwa Kiswahili tangu ulipopiga hema la kwanza uwandani Kapiti. Mizigo iligawiwa kwa Kiswahili, posho ilipimwa kwa Kiswahili, na aliyemwona faru kichakani akataka kumwonya mgeni wake alimnong'oneza kwa Kiswahili. Neno safari lenyewe mlilichukua kwetu. Basi tuzungumze kwa lugha hiyo. New York hamtakosa mkalimani.

Kilichonisukuma ni filamu. Desemba iliyopita wajukuu wangu watatu walikuwa hapa nyumbani kwa likizo, na jioni moja ya mvua tukatazama Night at the Museum, ile iliyotoka mwaka 2006, ambayo hadithi yake inatokea ndani ya jengo lenu. Usiku ukiingia, kila kilichomo kinaamka. Mifupa ya dinosaria inacheza kama mtoto wa mbwa, simba wanazurura kwenye kumbi, na Theodore Roosevelt wa nta, aliyeigizwa na marehemu Robin Williams, anakuja juu ya farasi wake kumfunda mlinzi mpya wa zamu ya usiku. Watoto walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi nilivutwa na mwanamke aliyekuwa ndani ya chumba cha kioo.

Mwanamke huyo, naye wa nta, ni Sacagawea wa watu wa Shoshone, aliyefuatana na msafara wa Lewis na Clark kuelekea Bahari ya Pasifiki. Katika filamu kioo chake ni kinene hata hasikii akiitwa, wala hasikiki akisema. Roosevelt wa nta amemtazama kwa mbali miaka yote bila kuthubutu kumsemesha. Wezi wanapotoroka na mali ya makumbusho, ndipo kazi yake inapohitajika: ametoka kiooni, anasoma nyayo, anawaonyesha wenzake walikoelekea wale wezi. Roosevelt anapokatika vipande viwili kiunoni akijaribu kumwokoa, ni yeye anayeyeyusha nta na kumuunga.

Kuna mahali Roosevelt huyo anaungama mbele ya mlinzi. Anamwambia kwamba yale mambo makuu hakuyafanya yeye, yalifanywa na Roosevelt mwenyewe. Yeye ametengenezwa kiwandani Poughkeepsie, na hajawahi kumpiga risasi mnyama yeyote wa porini. Hapo mjukuu wangu wa miaka 9 akanigeukia. "Babu, si ulisema Roosevelt wa kweli alipita hapa kwetu kuwinda?" Nikamwambia ndiyo, alishuka kwenye treni hapo Kapiti. "Sasa wa kwetu aliyemwonyesha njia anaitwa nani?"

Nimefundisha Historia miaka 31. Sikuwa na jibu.

Sacagawea wa kweli alisafiri maelfu ya kilomita na mtoto mchanga mgongoni, aliyezaliwa Februari 1805, miezi miwili tu kabla ya safari kuanza upya. Mumewe, Toussaint Charbonneau, alilipwa dola zaidi ya 500 na akapewa ardhi. Yeye hakupewa kitu. Lakini jina lake liliandikwa, likahifadhiwa, na mwaka 2000 serikali ya nchi yenu ikatoa sarafu ya dola moja yenye sura yake na ya mwanawe. Mtoto wa Marekani anaweza kumshika kiganjani. Hata wa nta amepewa jina. Ndiyo sababu swali la mjukuu wangu lilinikalia vibaya kwa wiki nzima, mpaka nikatafuta kitabu cha Roosevelt mwenyewe, African Game Trails cha mwaka 1910, nikakisoma na kalamu mkononi, nikiwatafuta watu wetu.

Wamo. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie kwanza. Wamo kwa majina.

Roosevelt alifika Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais, akiwa na mwanawe Kermit aliyekuwa na miaka 19 na wataalamu watatu wa elimu ya viumbe. Msafara ulidhaminiwa na Smithsonian ya Washington. Alipopanda treni ya reli ya Uganda na kushuka Kapiti, alikuta kambi imeshapangwa safu kwa safu, bendera kubwa ya Marekani ikipepea, na wapagazi, askari, wapishi, masaisi wa farasi na washika bunduki wamejipanga kumpokea. Walikuwa zaidi ya watu 200. Kulikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama, na chumvi hiyo haikutembea yenyewe. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60, kama kilo 27, na alitembea nao kichwani kutwa, pekupeku, kwenye miiba ya migunga tunayoijua sisi tuliozaliwa huku.

Mzigo mmoja ningependa muufikirie kidogo. Roosevelt alikuja na vitabu vyake kadhaa, akavijalidi kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho, damu na vumbi, akavitia kwenye sanduku jepesi la alumini. Mwenyewe anaeleza kwamba sanduku pamoja na vitabu lilikuwa na uzito wa chini kidogo tu ya ratili 60, mzigo wa mtu mmoja. Humo mlikuwa na Biblia, Homer, Shakespeare. Kwa hiyo kuna mtu, pengine hapa Ukambani, pengine Unyamwezini, aliyevuka nyika hii na Shakespeare kichwani miezi mingi. Vitabu vile vimetunzwa Marekani hadi leo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi usiku: jalada limetunzwa, shingo iliyolibeba haikutunzwa.

Hesabu ya wanyama ilitunzwa pia, tena kwa makini. Roosevelt na mwanawe walipiga wanyama 512 kwa bunduki zao wawili. Simba 17, tembo 11, faru 20, na kuendelea. Msafara wote ulipofika Khartoum Machi 1910 ulikuwa umekusanya viumbe kiasi cha 11,400 ukihesabu ndege, nyoka, samaki na panya wadogo. Kila kimoja kilifungiwa kikaratasi chenye tarehe na mahali kilipopatikana. Panya wa Naivasha ana kikaratasi chake.

Naomba niwaeleze kazi ya mtu anayetangulia mbele, maana nadhani ukiwa mjini si rahisi kuiona. Binamu yangu ni skauti wa wanyamapori katika ranchi moja huku uwandani. Mwaka juzi nilifuatana naye alfajiri, simba alikuwa amepita karibu na zizi la jirani. Binamu yangu alichuchumaa, akaweka kiganja kando ya unyayo bila kuugusa. Umande ulikuwa umelala juu ya nyasi zote, ila ulikosekana kwenye mstari mmoja mwembamba uliokwenda upande wa mto. "Amepita umande ukiwa umeshashuka," akasema, "ni jike, na hana haraka, tazama vidole havijachimba." Kisha akanionyesha kitu ambacho nisingekiona hata ningepewa siku nzima: mdudu mdogo alikuwa amekatiza ndani ya unyayo ule, na vijinyayo vyake vilikuwa juu ya alama ya simba. Wadudu wale hutembea usiku, hulala kukianza kupambazuka. Kwa hiyo simba alipita baada ya umande na kabla ya mwanga. Dakika tatu, bila kitabu, bila simu, na saa ya kupita kwa mnyama imejulikana. Tulimkuta mtoni, mahali hasa alipokuwa amesema.

Maarifa hayo ndiyo yaliyompeleka Roosevelt mbele ya kila mnyama mkubwa aliyempiga. Kwenye mitelemko ya Mlima Kenya alipomtafuta tembo wake wa kwanza, waliotangulia walikuwa wawindaji wa msituni ambao kitabu kinawaita Wandorobo, jina walilopachikwa na wafugaji kwa kuwa hawakuwa na ng'ombe. Ni wao waliosoma matawi yaliyovunjwa na kinyesi ambacho bado kilikuwa na joto, katika msitu mzito ambamo mtu haoni mbele hatua kumi. Roosevelt alipomwangusha tembo yule, dume la pili lilitokeza vichakani karibu kiasi cha kuweza kumgusa kwa mkonga. Anakiri hivyo mwenyewe. Watu hao wa mbele walikuwa hapo hapo, wao bila bunduki. Na sisi Wakenya tusijitoe lawamani: wajuzi hawa wa misitu tulikuja kuwafukuza kwenye misitu yao wenyewe, mpaka ndugu zao Waogiek wa Mau wakalazimika kuishtaki serikali yetu katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, nao wakashinda Mei 2017.

Sasa majina. Washika bunduki wa mwanzo wa Roosevelt walikuwa Muhamed na Bakari. Baadaye kitabu kinawataja Kongoni na Gouvimali, na upande wa Kermit, Juma Yohari na Kassitura, huyu wa mwisho akiwa Msoga wa Uganda. Wahudumu wa hema la Roosevelt walikuwa Ali na Mkikuyu mmoja aliyeitwa Bill. Mshika bunduki, kwa wasioijua kazi hiyo, hakuwa mtumishi wa kubeba tu. Alitembea bega kwa bega na mwindaji, akitazama kwa macho ambayo mgeni hakuwa nayo, na mnyama alipowajia mbio yeye ndiye aliyetakiwa asimame palepale, anyooshe bunduki ya pili mkononi mwa mtu mwingine, na asikimbie. Atakayeweza kufanya hivyo mara moja ni shujaa. Hawa walifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Mtaniambia kwamba majina haya hayana uhakika. Ni kweli, na mtu wa Kiswahili ndiye atakayewaambia kwa nini. Roosevelt anaandika kwamba wapagazi walimwita "Bwana Makuba" na mwanawe "Bwana Merodadi." Kila mtoto wa shule huku ataona kwamba walisema Bwana Mkubwa na Bwana Maridadi. Sikio lililosikia Mkubwa likaandika Makuba ndilo lililosikia Gouvimali. Kongoni ni jina la mnyama, na nashindwa kuamini kwamba mama yake ndiye aliyempa. Lakini jina lililosikiwa vibaya si sababu ya kuliacha. Ni sababu ya kumwuliza anayelijua. Huko Busoga kuna wazee watakaowaambia Kassitura hutamkwaje, na huku Ukambani tuko sisi.

Kwa nini nawaandikia ninyi wakati ngozi nyingi zilikwenda Washington? Kwa sababu ni ninyi mliomweka Mwafrika yule mlangoni.

Sanamu ya shaba ya James Earle Fraser, iliyozinduliwa mwaka 1940 mbele ya jengo lenu, ilimwonyesha Roosevelt juu ya farasi, na chini yake, wakitembea kwa miguu kila mmoja upande wake, Mwenyeji wa asili wa Amerika na Mwafrika. Mchongaji alieleza kwamba hao wawili ni waongozaji, na kwamba wanasimama badala ya mabara yao. Nimeitazama picha ya yule Mwafrika mara nyingi. Kifua wazi, kitambaa begani, anatazama mbele. Ni Kassitura, au ni Bakari, au ni Juma Yohari. Ndiyo kazi yake na ndiyo nafasi yake kando ya bwana. Lakini kwa miaka zaidi ya 80 alibebeshwa bara zima na kunyimwa jina la mtu mmoja. Wenyewe mlisema mwaka 2020 kwamba sanamu ile ilipanga watu kwa tabaka la rangi, mkaomba iondolewe, na Januari 2022 ikaondolewa, ikaelekezwa North Dakota kwenye maktaba ya Roosevelt. Nawashukuru kwa uamuzi huo. Haukuwa mwepesi.

Hata hivyo fikirieni kilichotokea. Roosevelt aliondoka mlangoni, lakini bado yuko ndani: ukumbi wa kumbukumbu una jina lake, safari yake ya Afrika imechorwa ukutani, na kuna Roosevelt mwingine wa shaba ameketi kwenye benchi ambapo wageni hukaa karibu naye kupiga picha. Yule wa kwetu hakuwa na mahali pengine pa kukaa. Alipoondolewa mlangoni, aliondoka kabisa.

Mahali pake papo, na ninapajua. Katika ukumbi wenu wa mamalia wa Afrika, uliofunguliwa mwaka 1936 na kupewa jina la Carl Akeley, kundi la tembo wanane limesimama katikati kama linataka kutoka. Katika kundi hilo yumo jike aliyepigwa na Roosevelt na ndama aliyepigwa na Kermit, walipokutana na Akeley kwenye uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1909. Na Akeley mwenyewe alikuwa na mtu wake. Kijana wa Kikuyu aliyeitwa Wimbia Gikungu, ambaye Akeley alimwita Bill, alianza kazi kambini akiwa mtoto mdogo, akakua kuwa msoma nyayo na mshika bunduki, na Akeley alimtukuza kiasi cha kumwandikia sura nzima katika kitabu chake. Akeley alifia kwenye mlima Mikeno nchini Kongo mwaka 1926, akazikwa hukohuko, na jina lake liko juu ya mlango wa ukumbi. La Wimbia Gikungu nalitaka liwe pale chini, karibu na miguu ya tembo, katika kimo ambacho mtoto wa miaka 9 anaweza kulisoma bila kunyanyuliwa.

Siombi sanamu. Zaidi ya yote siombi sanamu ya nta. Nta yenyewe ilishaungama katika ile filamu kwamba haikufanya lolote. Naomba maandishi: Muhamed, Bakari, Kongoni, Gouvimali, Juma Yohari, Kassitura, Ali, Wimbia Gikungu, kwa herufi za ukubwa uleule mlioutumia kwa waliolipa gharama. Chini ya kila jina, kazi aliyoifanya kwa neno lake la Kiswahili, mshika bunduki, msoma nyayo, mpagazi, mnyapara, ili Mswahili wa Bronx au wa Minneapolis akija na watoto wake awasomee. Na mfungue hati zenu: daftari za malipo, shajara za uwandani, picha zenye maandishi nyuma. Msafara usiolipa mishahara haupo, na anayelipa mshahara huandika jina. Waiteni wenzenu wa Smithsonian na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mkae meza moja. Majina yaliyomo kwenye daftari hizo ni zaidi ya haya manane.

Najua wapo watakaouliza kwa nini tuwaenzi watu waliosaidia kuua wanyama 512, hasa sisi ambao tulipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Swali ni la haki. Bunduki haikuwa yao, wala uamuzi wa kupiga haukuwa wao. Kilichokuwa chao ni ujuzi wa kumjua mnyama, na ujuzi huo haukufa na uwindaji. Ndio ambao binamu yangu anautumia leo kumrudisha simba mbugani kabla vijana hawajatoka na mikuki na sumu. Analipwa kidogo, analala nje, na mwezi uliopita alivunjika kidole akikimbizwa na nyati. Msipomwambia mtoto wa Marekani kwamba mtu kama huyu alikuwepo mwaka 1909, ataendelea kuamini kwamba Afrika ilikuwa na wanyama na kwamba watu walikuja na meli.

Mjukuu wangu amerudi Nairobi shuleni. Kabla hajaondoka nilimpa majina yale manane, akayaandika kwa penseli kwenye daftari lake la Sayansi ya Jamii, moja chini ya jingine, akaacha mistari mitupu hadi mwisho wa ukurasa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ni ya wale mtakaowapata.

Nasubiri jibu lenu, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Machakos, Kenya